Kutoka Udongoni Hadi Kifuani



Mvua ya kwanza ya masika inapoanguka juu ya ardhi iliyokaushwa na jua la kaskazi, hutoka harufu ambayo kila aliyekulia Pwani anaijua. Huiita harufu ya mvua, lakini mvua haina harufu hiyo. Ni harufu ya udongo. Sehemu yake kubwa hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria waishio ardhini, hasa wale wa jamii ya Streptomyces. Hawaonekani kwa macho, nao wamo kwa mamilioni katika gao moja tu la udongo. Juma hili tungependa kuzungumza nanyi juu ya viumbe hawa, na juu ya mwanga na fuwele, kwa sababu bila ya elimu hizo mtu wa nyumba yetu pengine asingekuwa nasi leo.

Mdogo wetu wa mwisho alianza kukohoa katika siku za mfunguo nane. Tulimpa asali na tangawizi, mama akamsagia habasoda, na kikohozi kikatulia kisha kikarudi. Zikaja homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, na kukonda. Wakati huo posa yake ilikuwa imeshapokewa, na harusi ilipangwa iwe mfunguo mosi, baada ya Idi. Majirani wakasema ni kijicho cha watu. Mama hakubishana na majirani, ila alitwaa buibui lake akatuambia, "Dua tumeshaomba, sasa twendeni hospitali." Tumefunzwa tangu chuoni kwamba kutafuta tiba hakumwondolei mja kutawakali kwake.

Hospitalini alipigwa picha ya kifua. Twafaa tukumbuke picha hiyo ilivyoanza. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen alikuwa akichunguza umeme ndani ya bomba la kioo. Hakuwa akitafuta tiba. Aliona ubao uliopakwa chumvi ya madini ukimetameta, ilhali bomba lenyewe lilikuwa limefunikwa. Mionzi isiyoonekana ilikuwa ikipenya kifuniko. Wiki chache baadaye aliipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ikatokeza, na pete yake ya ndoa ikaonekana imening'inia juu ya kidole kisicho na nyama. Mwaka 1901 Röntgen alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na hakutaka kuifungia elimu yake kwa hataza.

Mapafu yenye afya hujaa hewa, basi mionzi hupita kwa wepesi na mahali pake katika picha huwa peusi. Palipo na ugonjwa hupunguza mionzi, pakaonekana peupe kama wingu. Katika mashine nyingi za kisasa hakuna filamu tena: mionzi hupiga fuwele za chumvi ya sesiamu, fuwele zikaigeuza kuwa mwanga, na mwanga huo ukapokewa na silikoni, ambayo asili yake ni mchanga. Mdogo wetu alikuwa na wingu katika sehemu ya juu ya pafu la kulia.

Picha huonyesha kwamba kuna jambo, lakini haitaji jina la adui. Kwa hiyo makohozi yake yalipelekwa maabara. Kijidudu cha kifua kikuu kilitambulishwa kwa ulimwengu na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na kwa miaka mingi kilitafutwa kwa darubini, mtu akikodoa macho siku nzima. Hapa tena fizikia ya vitu yabisi imetufaa. Wanasayansi watatu wa asili ya Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walishughulika miaka mingi na fuwele ya galiamu naitraidi mpaka wakapata taa ndogo ya LED yenye mwanga wa buluu, jambo lililowapa Nobel ya mwaka 2014. Wengi wetu twaijua taa hiyo kwa balbu nyeupe za majumbani. Lakini mwanga wa buluu ukiangaza makohozi yaliyotiwa rangi maalumu, vijidudu vya kifua kikuu hung'ara kama vimulimuli gizani. Taa za zamani za kazi hiyo zilikuwa ghali na zenye joto kali; hizi hutumia umeme kidogo, hata wa betri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zitumike. Siku hizi kuna pia mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa 2 hivi husoma alama za urithi za kijidudu na kueleza kama dawa kuu itamfaa mgonjwa. Jibu la mdogo wetu lilikuja: ni kifua kikuu, na dawa zitamfaa.

Dawa zenyewe zina hadithi ya ardhini. Udongo ni kama soko lenye msongamano. Viumbe wadogo hushindania chakula humo, na baadhi yao hutoa kemikali za kuwazuia majirani wasiwapokonye riziki. Selman Waksman, mtaalamu wa viumbe vya udongo katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alifikiri kwamba silaha hizo zaweza kumfaa mwanadamu. Mwezi wa Oktoba 1943, mwanafunzi wake Albert Schatz, kijana wa miaka 23 aliyefanya kazi katika chumba cha chini ya jengo, alipata aina mbili za bakteria wa Streptomyces griseus, moja kutoka kwenye udongo wa shamba na nyingine kutoka kooni mwa kuku. Wakatoa streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kukiua kijidudu cha kifua kikuu ndani ya mwili wa mgonjwa. Makala ya mwaka 1944 iliyotangaza dawa hiyo ilikuwa na jina la mwanamke pia, Elizabeth Bugie, lakini jina lake halikuwekwa katika hataza. Nobel ya mwaka 1952 akapewa Waksman peke yake, baada ya Schatz kulazimika kwenda mahakamani ili atambuliwe kuwa mgunduzi mwenza. Elimu ni nuru, lakini wanaoibeba ni binadamu, na haki kati yao huhitaji kusimamiwa.

Furaha haikudumu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1948 ulionyesha kwamba waliopewa streptomaisini walipata nafuu zaidi ya wasiopewa, lakini kwa wengi wao vijidudu vilizoea dawa na kuistahimili. Ikaeleweka kwamba adui huyu hapigwi kwa silaha moja. Zikatafutwa nyingine. Mwaka 1957 udongo uliochotwa katika msitu wa misonobari kwenye pwani ya kusini mwa Ufaransa ulifikishwa maabara ya Lepetit mjini Milan, ambako Piero Sensi na Maria Teresa Timbal pamoja na wenzao walipata ndani yake bakteria mwenye kutoa kemikali mpya. Baada ya miaka ya kuirekebisha, ikazaliwa rifampisini, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960.

Na hapa hadithi inafika kwetu. Zamani matibabu ya kifua kikuu yalichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wengi walichoka njiani. Mwaka 1970 ulianza utafiti wa madaktari wa Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza, ukiwahusisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Waliuliza: je, dawa zikichanganywa vyema, miezi 6 yatosha? Waliopata mchanganyiko wenye rifampisini walipona, na ni wachache mno waliorejewa na ugonjwa. Utaratibu wa miezi 6 uliotumika baadaye ulimwenguni kote una deni kwa wagonjwa wa nchi zetu waliokubali kufuatwa na kupimwa, ambao majina yao hatuyajui. Mungu awarehemu waliotangulia katika wao.

Mdogo wetu alianza dawa mwanzoni mwa mfunguo tisa, bila ya malipo, kama ilivyo katika vituo vya serikali. Miezi 2 ya kwanza dawa nne, kisha miezi 4 dawa mbili. Siku ya pili alitoka msalani analia: mkojo wake ulikuwa mwekundu. Muuguzi alikuwa ametueleza mapema kwamba rifampisini hutia rangi mkojo, jasho na hata machozi, na haina madhara. Tulimwonyesha leso aliyofutia machozi. Ilikuwa imeingia rangi ya chungwa. Akacheka huku analia.

Mtihani ulikuja Shaabani. Kikohozi kilikwisha, mashavu yakajaa, na Ramadhani ikawa mlangoni. Shangazi mmoja, mtu wa heshima kwetu, akashauri dawa ziachwe: mtoto keshapona, harusi iko karibu, na vidonge vikionekana na upande wa pili itakuwa aibu. Mama alinyamaza. Tulijua kunyamaza kule kulikuwa na uzito gani; mwanamke aliyelea mabinti bila ya mume anajua posa ikivunjika maneno huenda wapi.

Tulimjibu shangazi kwa adabu, kwa yale tuliyoelezwa kliniki. Baadhi ya bakteria huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 au zaidi kidogo, lakini huyu wa kifua kikuu huchukua takriban saa 20. Wengine hulala kabisa, na dawa huwaua zaidi wanapoamka kufanya kazi. Miezi 2 huwaua wengi, ndipo mgonjwa akahisi amepona; minne iliyobaki ni ya kuwangoja waliolala. Anayeacha njiani huwaachia waliobaki nafasi ya kuwa sugu, na usugu huo huweza kumfikia mume, mkwe na mtoto atakayezaliwa. "Basi shangazi," tukamwambia, "tukificha vidonge, tutakuwa tumeipeleka nini nyumba ya watu?" Shangazi akanyamaza naye. Mama akasema, "Waambiwe."

Mjomba alikwenda na mama wakaeleza kila kitu: ugonjwa, dawa, tarehe ya kumaliza, na kwamba baada ya wiki chache za dawa sahihi mgonjwa kwa kawaida hubaki hana tena cha kuambukiza. Wale watu walisikiliza, wakashukuru, kisha kwa majuma matatu hatukusikia neno. Yalikuwa majuma marefu. Kuhusu saumu, tuliuliza kliniki na tukauliza wenye elimu ya dini. Dawa ni ya mara moja kwa siku, kwa hiyo wakati wake ulipangwa, na alifahamishwa kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Katika kumi la kati la Ramadhani ikaja salamu: harusi isogezwe mbele mpaka dawa zimalizike. Alimaliza mwisho wa mfunguo pili, makohozi yakapimwa tena, yakawa safi. Nikaha ilifungwa mfunguo tatu. Baadhi ya jamaa zao hawakuja. Bwana harusi alikuja.

Tumeyaandika haya kwa idhini yake, kwa ajili ya nyumba nyingine zenye siri kama hii. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, si kwa kikombe wala sahani. Msimtenge mgonjwa kwa vyombo, fungueni madirisha. Watoto wadogo waliomo ndani wapelekwe wakaangaliwe, kwani kuna dawa ya kuwakinga. Kina mama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi wamweleze mhudumu, maana rifampisini huvipunguza nguvu. Wala asidhani mtu kuwa tunausifu udongo ili wajawazito wazidishe kula pemba. Udongo mbichi huleta minyoo, na dawa ilipatikana kwa miaka ya kuchuja na kupima.

Na wazazi wenye mabinti wanaopenda hisabati na sayansi, tafadhalini msiwakate tamaa kwa kuwauliza elimu hiyo ina faida gani. Dorothy Hodgkin wa Uingereza alikuwa na watoto watatu na vidole vilivyopindwa na baridi yabisi tangu ujana. Alipiga fuwele za insulini picha ya kwanza kwa mionzi ya eksirei mwaka 1935, na umbo lake kamili likajulikana mwaka 1969, baada ya miaka 34. Aliyechunguza bomba la kioo, aliyechota udongo msituni na aliyekuza fuwele hawakujuana, wala hakuna kati yao aliyejua kwamba kazi zao zingekutana katika kifua cha msichana mmoja wa Pwani ya Kenya. Tumezoea kuujua mchanga safi kuwa ni tohara pale maji yanapokosekana. Sasa twajua pia kwamba ndani ya udongo mna viumbe ambao Mola amewawekea siri za shifaa, zikingoja mwenye subira ya kuzitafuta. Aamuye kumsomesha binti yake leo huenda ndiye anayemwandaa mtafutaji huyo.