Bamako ya Twisti na Kamera ya Malick

Mtajie mtu Mali, atakwambia Timbuktu na ngamia. Haya, hewala. Lakini mtoto wa mjini akitua Bamako, mguu wake uelekee Bagadadji, mtaa wa vumbi na kelele ambako Malick Sidibé alifungua studio yake mwanzoni mwa miaka ya 60.

Malick mwenyewe alikuwa wa kuja. Alitoka kijijini Soloba, akaletwa Bamako kusomea sanaa na usonara. Mwaka 1955 Mfaransa mmoja mwenye duka la picha, Gérard Guillat, akamwita ampambie studio. Kijana akapamba, akabaki, akashika kamera.

Mwaka 1960 Mali ikapata uhuru, na vijana wakapata santuri. Twisti, rock, cha-cha! Klabu zikachipuka mtaani kama uyoga, kila moja na pamba zake. Jumamosi usiku Malick alipanda baiskeli, flashi begani, akatoka sherehe hii akaingia ile, nne usiku mmoja si ajabu. Watu wakilala, yeye yumo chumba cha giza anasafisha filamu. Jumapili vijana wako mto Niger wanaogelea, naye yupo. Baadaye picha ndogondogo zinabandikwa kwenye majalada, kila moja na namba yake, na wachezaji wanakuja kujitafuta.

Iliyo maarufu kuliko zote ni ya Krismasi ya 1963, Happy Club. Kaka ana suti, dada ana gauni jeupe na yuko peku. Vichwa vinakaribia kugusana, wote wanatazama miguu wasikosee hatua. Hakuna anayeijali kamera, na ndiyo maana naipenda.

Raha yenyewe ilikuwa ya kuibia. Serikali ya kijamaa ya Modibo Keïta haikufurahia mambo hayo ya kizungu, na wanamgambo wake waliwabana vijana. (Wazee wa Dar wataikumbuka Operesheni Vijana ya 1969 na vita vyake na sketi fupi.)

Kisha picha za rangi zikaua soko la nyeusi na nyeupe, Malick akawa anaishi zaidi kwa kutengeneza kamera mbovu. Dunia ilichelewa. Paris ilimpa maonyesho makubwa mwaka 1995, tuzo ya Hasselblad ikaja 2003, na 2007 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake. Alifariki Aprili 2016.

Kinachoniuma ni kimoja. Picha aliyoinunua mcheza twisti kwa visenti, leo inauzwa New York kwa maelfu ya dola, na mara nyingi jina la aliyecheza halimo hata kwenye maelezo yake ukutani.

Tangu 1994 Bamako ina tamasha la picha la Afrika nzima. Ukibahatika kwenda, beba pamba kali. Mji ule umezoea kupigwa picha ukiwa umependeza.