Ng'ombe wa Baiti Tisa

Andika neno ng'ombe kwenye kompyuta, nayo itahifadhi namba: 110, 103, 39, 111, 109, 98, 101. Namba saba, kila moja ndani ya baiti yake yenye biti nane. Hiyo 39 ndiyo ritifaa iliyonyooka. Lakini programu nyingi za kuandikia huigeuza zenyewe ikawa ritifaa iliyopinda, ambayo katika mfumo wa UTF-8 huchukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Ng'ombe sasa ana baiti tisa. Mpelekee mtu faili hilo, alifungue kwa jedwali la zamani la Windows la kugeuza namba kuwa alama, linalohesabu kila baiti kuwa alama moja, naye atasoma ngâ€™ombe.

Nimekutana na neno hilo lililovurugika mara nyingi katika kuhariri miswada, na nimesikia waandishi wakilaumiwa kwa uzembe ambao si wao. Hakuna baiti iliyopotea njiani. Kilichofika ni kilekile kilichotumwa. Aliyetuma alitumia jedwali hili, aliyepokea akatumia lile. Nikifikiri ugomvi wa nyumbani na kazini, naona mwingi umezaliwa hivyohivyo. Kijana ananyamaza mbele ya baba mkwe kwa heshima, mzee anakisoma kimya kile kuwa ni kiburi, na miaka inapita hawazungumzi. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ndiyo maana siku hizi, neno likinichoma, humuuliza kwanza aliyelisema alikusudia nini.

Lakini kuna majedwali ambayo kasoro yake ni ya kweli: yaliwasahau watu. ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu. Zilikitosha Kiingereza, na Kiswahili cha herufi za Kilatini kikapita humo kwa bahati. Ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba hazikuwamo, wala herufi za Kiarabu ambazo washairi wa Lamu na Mombasa waliandikia tenzi. Watu wakaandika i na u bila alama, msomaji akabaki kubahatisha. Inaniuma kwamba lugha za mama zao zilipunguzwa ili zienee mahali ambapo hazikufikiriwa.

Mwaka 1992, katika mgahawa mmoja wa New Jersey, mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson, akiwa na mwenzake Rob Pike, alichora UTF-8 kwenye karatasi ya kutandika mezani. Alama zote za ASCII zilibaki na baiti yao moja ileile. Nyingine zilipewa baiti mbili au zaidi, na ile ya kwanza hutangaza kundi lina baiti ngapi. Ĩ ina mbili. Herufi za Kiarabu, mbilimbili. Faili la zamani la ASCII bado linasomeka bila kuguswa hata biti moja. Tumezoea kuamini kwamba mgeni akipewa nafasi lazima mwenyeji apungukiwe, na hofu hiyo imeharibu koo na vijiji. Hapa wageni waliingia kwa maelfu, na mwenyeji hakupungukiwa na kitu.

Basi ninyi mnaochapa masimulizi ya wazee, hifadhini mafaili yenu katika UTF-8, na mwambieni mpokeaji hivyo waziwazi. Na mwenye ĩ na ũ katika lugha yake aziandike kamili. Nafasi zake zipo.