Sindano ya Kroshia na Radi za Musoma

Musoma, mwishoni mwa Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Uliniambia kwenye simu kwamba sauti inakatika na kwamba unataka barua, tena ndefu, ya kusomewa barazani. Basi hii hapa.

Musoma ni mji wa mawe na maji. Majabali makubwa yamepandana moja juu ya jingine, mengine yamekaa katikati ya nyumba za watu, na wenyeji wameyazoea kiasi cha kuanikia nguo juu yake. Maji ni Ziwa Victoria, ambalo sisi wa Tanga tukilikaribia tunanusa chumvi tusiipate. Nimefikia Makoko, nyumbani kwa rafiki niliyesoma naye chuo, na mdogo wake anaolewa baada ya Pasaka. Nilidhani nitapewa kazi ya kukaribisha wageni. La. Mama mwenye nyumba alipojua kwamba nimelelewa na wewe na kwamba najua kroshia, akanikabidhi vitambaa vya bibi harusi: seti nzima ya makochi, stuli, meza kubwa na kile cha kufunika televisheni, vyote vyeupe. Tunafuma watatu, mimi, yeye na jirani mmoja mjane ambaye vidole vyake vinakwenda kasi hata ukimtazama unachoka wewe.

Jua la huku lina tabia yake. Vuli imeisha Desemba, masika bado, na katikati hapa kuna kiangazi kifupi kisicho na huruma. Ukisikia redioni nyuzi 28 au 29 utasema mbona hata Tanga tunazidi. Lakini mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta iko karibu, nyuzi moja na nusu tu kaskazini, kwa hiyo jua linakupiga utosini bila kizuizi, nayo majabali yanakusanya joto mchana kutwa na kulitoa usiku mnapotaka kulala. Chumba cha bati kisicho na dari, saa nane mchana, hakikaliki. Tunahamia chini ya mwembe, kila mtu na kanga yake mapajani ili uzi usiguse vumbi, na kopo la poda linazunguka kwa zamu. Bila poda vidole vinalowa, sindano inateleza, na uzi mweupe unageuka rangi ya chai kabla kitambaa hakijatimia.

Sasa nisikilize, kwa kuwa hili ndilo ninalotaka ulijue. Ulinifundisha kwanza sindano mbili, ile ya masweta, halafu kroshia. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote viko juu ya sindano vinakungoja, makumi kwa makumi. Ukishtuka ukaiangusha, vinachomoka na jioni nzima imepotea. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho hai. Vingine vyote vimekwisha kufungwa nyuma yako. Ukiitwa ghafla unakivuta kidogo kiwe kirefu, au unakichomeka pini, unaondoka. Tanga, ambako mtu anaweza kukaa barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi bila kuitwa na yeyote, sikuwahi kuona faida yake. Huku mkoani Mara nimeiona, maana sijapata kumaliza safu ya kitambaa bila kukatizwa.

Wa kwanza kutukatiza walikuwa wadudu. Mwezi ulikuwa umeandama. Asubuhi tukaona juu ya ziwa kama moshi umesimama wima, mweusi, nikadhani kuna chombo kinaungua. Mama akasema, "Kusanyeni, wanakuja," nami nikauliza nani. Ni vijidudu vidogo mno vya ziwani, haviumi, having'ati, vinazaliwa majini na kupanda hewani kwa mamilioni, na upepo ukigeuka vinahamia mjini. Vilitufikia tukiwa bado tunakunja kanga. Viliingia machoni, puani, kwenye chai. Na vinapenda weupe, Shangazi! Kitambaa cha stuli kilibadilika rangi mbele ya macho yangu. Mjane yule alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanionya nisithubutu kuwapangusa, kwa kuwa ukimsugua mmoja anaacha doa la kijani. Unasubiri wakauke, unakung'uta.

Kukatizwa kwa pili kulikuwa usiku, umeme umekatika, tunafuma kwa taa ya sola. Mbwa wa mtaa mzima walianza kubweka kisha wakanyamaza wote kwa mpigo. Nje ya ua, upande wa majani, tukasikia mtu anatafuna. Ndivyo nilivyodhani, mtu. Alikuwa kiboko. Hutoka ziwani gizani kula majani na kurudi kabla hakujapambazuka, na kosa kubwa ni kusimama kati yake na maji. Simu zilianza kupigwa nyumba hadi nyumba, kwa kunong'ona, kila mtu akimwambia mwenzake asifungue mlango. Mama anaamini wamesogea karibu zaidi tangu ziwa lilipojaa. Mei 2020 maji yalivuka hata kile kipimo cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia kama mwisho wa maajabu, na mwaka 2024 yakapanda tena. Watu wa kando ya ziwa walihamisha vyombo kwa mitumbwi kutoka vyumbani mwao. Kiboko wetu alikula akashiba akaenda zake. Mjane alikuwa amelala kwetu siku hiyo, na muda wote huo hakuacha kufuma, ila hakutazama mkono. Alikuwa anatazama mlango.

Lakini mkubwa wao wote ni radi. Karibu kila usiku, ukisimama jabalini, unaona umeme ukiwaka mbali juu ya maji bila sauti, na tone la mvua huku halianguki. Nilieleweshwa hivi: mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka majini kuja kwetu, usiku mambo yanageuka, upepo wa nchi kavu unamiminika ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, na eneo lenyewe ni kilomita za mraba 68,800 za maji ya uvuguvugu. Hapo mawingu yanapanda yakipigana. Kisha pepo za mashariki zinayasukuma kwenda ng'ambo. Ndiyo maana Bukoba, iliyo upande wa magharibi, inaoga mvua mwaka mzima, na Musoma haipati hata nusu yake. Wavuvi wa dagaa ndio wanaoumia, kwa sababu kazi yao ni ya usiku wa giza, kwa taa, saa zile zile za radi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na wanaoufuata wanaufuata. Bado watu hawasahau mitumbwi iliyozama Julai 2023 kule Mchigondo, wilayani Bunda, ikiwa na waumini waliokuwa wakirudi kutoka ibadani.

Mvua ya Musoma yenyewe hukujia kwa nyuma. Unatazama ziwa limetulia, unasema leo salama, kumbe wingu limejengeka vilimani upande wa Tarime tangu saa nane. Siku hiyo joto lilikuwa limetukaba tangu asubuhi. Kwenye saa kumi upepo ukasita kabisa. Wanawake walioanika dagaa ufukweni ndio waliotambua kwanza. Tulisikia mayowe yao, halafu tukaona watu wanakimbia na nyavu zilizojaa samaki, maana dagaa akilowa wakati wa kukauka ananunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama alikusanya sindano zetu zote, ni chuma, akazitia kwenye kopo na kopo akalifungia kabatini. Vioo vikafunikwa kanga. Aliyekuwa amevaa blauzi nyekundu akaamriwa aivue. Sikubishana, hata bibi yetu alifunika vioo. Upepo ulipofika ulifika mzima mzima, ukang'oa bati mbili za jirani, moja ikatua juu ya mwembe wetu pale pale tunapokaa, nyingine hatukujua ilikokwenda mpaka mtoto mmoja alipoileta kesho yake akidai soda.

Vitambaa vilikuwa kwenye beseni chini ya meza. Havikuguswa na tone.

Katikati ya haya yote nilikwenda Butiama, kwa kuwa usingenisamehe kufika huku bila kuzuru. Unapanda gari, unashuka Makutano, unachukua jingine. Mwitongo, pale Butiama, ni kilima cha mawe chenye hewa nzuri kuliko ya Musoma, na hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipozikwa Oktoba 1999, karibu na makaburi ya wazazi wake, Chifu Burito na Mama Mugaya. Siku aliyozaliwa, Aprili 1922, mvua kubwa ilinyesha, akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua wa Wazanaki. Nimelisikia jina hilo tangu shule ya msingi kwenye nyimbo na magwaride, na halikunitisha hata kidogo. Siku ile, wingu jeusi likiwa limeinama juu ya msitu wa Muhunda, nililitamka polepole.

Mzee mmoja aliyekuwa chini ya mti alitazama uzi na sindano mkobani mwangu, akaniuliza kama nami nimesoma kwa masista. Nikajua hii kazi ina ukoo wake huku. Masista Weupe walikuwa na shule ya wasichana Nyegina, jirani na Musoma. Mama Maria Nyerere alianzia masomo hapo kabla ya kwenda Ukerewe na Sumve. Kwa watawa sindano ilikuwa sehemu ya somo. Hata Ireland, ilipopigwa na njaa ya viazi miaka ya 1840, ni watawa waliowafundisha wanawake kufuma lesi ya kroshia ili iuzwe, watu wapate mkate. Huku haikuja kwa njaa. Ilikuja kama adabu ya nyumba, ikakaa, na sasa nyumba isiyo na kitambaa kwenye kochi inaonekana haijavaa.

Bunda tulikwenda kupeleka kadi kwa shangazi wa bibi harusi, anayeishi vijijini kuelekea Kunzugu, karibu na mpaka wa Serengeti. Ni nchi ya pamba, na Februari mashamba yamechanua. Mama alitutuma tumpelekee na uzi, kwa kuwa shangazi huyo ndiye anayefuma cha televisheni. Tulikula ugali na sato, tukatandika mkeka, tukafuma wote kwa taa. Mwenyeji wetu alikuwa anahesabu kwa Kijita, kwa sauti ndogo.

Kwenye saa nne usiku likasikika debe, moja, mbali. Kisha jingine. Kisha kijiji kizima. Nikauliza ni wezi wa ng'ombe? "Tembo," akasema, kama mtu anayetaja kodi. Alivuta kitanzi chake kikawa kirefu, akakichomeka pini ya nywele, akaweka kazi chini ya mto, akachukua sufuria na mfuniko, akatoka. Sisi wageni tulikatazwa kuvuka kizingiti. Tulibaki mlangoni tukiona tochi zinapita huku na huku shambani na kusikia watu wakipiga kelele kwa pamoja, na katikati ya kelele hizo mahindi yakivunjika, krak, krak, bila haraka. Hilo ndilo lililoniogopesha, ile kutokuwa na haraka. Baadaye askari wa wanyamapori walifika na vilipuzi vya kishindo. Ardhi ilitikisika tembo wakiondoka.

Alirudi miguu imejaa umande na matope. Aliosha mikono, akaipaka poda, akachomoa pini. "Nilikuwa nimefika wapi?" Akahesabu, akaendelea.

Asubuhi tulikwenda kuona. Nusu ya shamba la jirani yake ililala. Serikali ina malipo yake, huitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, na nilipouliza kama yanatosha, mwenye shamba alinitazama kwa heshima anayopewa mgeni na hakunijibu. Shamba la pili halikuguswa. Lilizungushiwa kamba, na juu ya kamba vimening'inizwa vitambaa vyeusi vilivyochovywa katika oili chafu na pilipili. Tembo hawezi kustahimili harufu ile. Nikaishika kamba. Katani, Shangazi! Katani kama zile za kwetu, imevuka nchi nzima kuja kumzuia tembo wa Serengeti asile mahindi ya Bunda. Mwenye shamba alishangaa kuniona nacheka. Huenda mpaka leo ananisimulia.

Jambo moja limenikera. Pamba inalimwa Bunda, inachambuliwa huku huku, na Musoma kuna kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa ajili yake. Lakini uzi wa kroshia nilioununua soko la Nyasho una karatasi yenye maandishi ya kigeni. Nilimwuliza muuzaji kama hakuna wa hapa, akaniambia, "Dada, wewe wa wapi?" Kroshia ni kazi ya mkono wa mtu, na mikono huku ipo ya kutosha. Kinachotoka mbali ni uzi.

Hali ya kazi ni hii: makochi tumemaliza, stuli bado mbili, cha televisheni kiko Bunda na kinakwenda vizuri, cha meza kubwa kimefika nusu na ndicho kinachonipa wasiwasi kwa sababu uzi wa unene ule umekwisha sokoni. Nenda lile duka la Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, uchukue mweupe mwembamba, mabunda sita, uangalie yote yawe ya weupe mmoja. Mpe kondakta wa basi la Mwanza, mwambie aandike namba yangu juu. Uyatie kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mafundo mawili, maana masika yanaanza na sina hakika yatakutana na basi wapi.

Nisalimie wote barazani. Mama wa hapa anakusalimu pia, anasema ulinifunza vizuri ila nakaza mno uzi.

Mimi mwanao.