Shanta ya Mwanagenzi: Tafakuri juu ya Kubeba na Kutembea Bondeni

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aghalabu methali hii hutajwa pale mtu anapoyapuuza mateso ya jirani yake. Lakini kwa yule anayeanza kutembea milimani akiwa na shanta mgongoni, maneno yake huwa kweli tupu hata kabla ya kuwa fumbo. Shanta ya mwenzake aliyetangulia huonekana nyepesi kama usufi, ilhali yake humkata mabega kabla kilomita ya kwanza haijaisha. Katika Nakuru na viunga vyake wapo vijana wanaoingia katika safari za namna hii: kutembea kwa miguu siku moja, mbili au zaidi, kila mtu akibeba mwenyewe maji, chakula, hema na blanketi lake. Wengi huanza kwa kuuliza waende wapi. Swali hilo lina utamu wake, ila lipo jingine linalostahili kulitangulia: nani atabeba nini, na kwa kiasi gani?

Kiswahili kina msamiati mpana wa kubeba. Mama humbeba mwana kwa mbeleko, hamali hubeba gunia, mchukuzi huchukua shehena, na mpagazi hupagaa mzigo begani au kichwani. Kitenzi hicho cha mwisho hutumika pia kwa pepo: pepo humpagaa mtu, naye mtu akapagawa. Ni kana kwamba lugha yenyewe inakiri kwamba mzigo unaweza kummiliki aliyeubeba. Mwanagenzi anayepanda mlima akiyawaza mabega yake tu, asione ndege wala bonde, huyo tayari amepagawa na shanta.

Wapagazi hawakuwa wageni katika sehemu hizi. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti, aliondoka Mombasa akielekea Ziwa Baringo kupitia nchi ya Wamaasai, na njiani akaandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Naivasha na Baringo zilifikiwa kwa miguu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya enzi hiyo ulikuwa kama frasila 2, yaani takriban kilo 30, minghairi ya vitu vyake mwenyewe. Baadhi ya wapagazi walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Wengine walikuwa watumwa ambao sehemu ya ujira wao iliingia mikononi mwa mabwana zao. Jina la Thomson limebaki katika maporomoko ya maji ya Nyahururu na hata katika jina la swala tomi. Majina ya waliombebea vyombo hayakupewa maporomoko wala mnyama. Hata hivyo, waliacha kitu kikubwa kuliko jina: Kiswahili kilipenya bara kikiwa kimepanda juu ya mabega kama hayo.

Kubeba kwa shuruti hakukuisha na misafara. Hadi leo, pembezoni mwa misitu ya nyanda za juu zinazolizunguka bonde hili, mwanamke huonekana ameinama chini ya mzigo wa kuni, ukanda umemkaza kwenye paji la uso. Na mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoikumba Nakuru, Naivasha, Molo na kwingineko, maelfu ya watu walikimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru na kambi nyinginezo, wakiwa na kile tu walichowahi kukinyakua: godoro, sufuria, mtoto. Hakuna aliyewauliza kama mzigo ulikuwa mzito.

Basi mwanagenzi wa leo anapofunga shanta yake kwa hiari, huku akijua kwamba Jumapili jioni atarudi kwao, hana budi kutambua kwamba hiari hiyo ni neema. Neema hiyo ina masharti yake, na la kwanza ni hili: anayejifunza kubeba mzigo wake ajifunze pia kutokuwa mzigo kwa wengine. Mengine yote anayofundishwa anayeanza, tangu viatu hadi salamu, hutokana na sharti hilo moja.

Mwanagenzi mmoja alijiunga na wenzake kuupanda Longonot. Usiku walilala katika kambi ya langoni, na asubuhi wenzake wakaacha huko hema na vyombo vyao, wakachukua maji na chakula cha mchana. Yeye alikataa kuacha chochote. Alibeba sufuria, unga, makopo ya maharagwe, jaketi mbili na kitabu kinene, lakini maji alibeba lita moja tu, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Njia ya kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ina urefu wa takriban kilomita 3, ukingo wenyewe una mzunguko wa takriban kilomita 7, na kilele kipo mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hakuna kijito, kisima wala duka. Kuna jivu la volkano linalopeperuka na jua lisilo na kivuli. Alipofika ukingoni maji yake yalikuwa yamekwisha. Wenzake walimgawia yao, wakampokea shanta kwa zamu, na kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja aliyeuzunguka mlima siku hiyo. Hakuna aliyemlaumu. Lakini wakati wa kuteremka hakusema neno, na katika safari iliyofuata alikuwa wa kwanza kuuliza ni lita ngapi za maji zitakazohitajika.

Hesabu ya shanta si ngumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna ujanja wa kuyapunguza. Watembeaji wazoefu hushauri kwamba mzigo wa safari ya kulala nje usizidi moja ya tano ya uzito wa mwenye kuubeba. Mtu wa kilo 60 asipite kilo 12, na anayeanza heri abebe chini ya hapo. Ikiwa lita 4 za maji zimekwisha kuchukua kilo 4, basi kila kinachobaki kitoe hoja yake ya kuingia. Blanketi na jaketi la mvua vina hoja, kwa maana mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 na usiku wa nyanda hizi huuma. Tochi na kibiriti vina hoja. Chapati, mayai ya kuchemsha, njugu na sukari guru hushinda unga na sufuria kwa safari ya siku moja. Viatu vya mitumba vilivyokwisha kuzoea mguu hushinda buti jipya la bei ghali, ambalo mafunzo yake ya kwanza ni malengelenge. Vizito vikae karibu na mgongo, na vinavyohitajika upesi vikae juu.

Njia nayo ichaguliwe kwa kipimo hicho hicho. Mwenyeji wa Nakuru ana bahati ya kuwa na Menengai nyuma ya mji wake. Ukingo wa kreta hiyo kubwa, uliofika mita 2,278, unaweza kufikiwa kwa miguu kutoka mjini na mtu akarudi kabla ya jua kutua. Hapo mwanagenzi anaweza kuyapima mabega, viatu na pumzi yake huku nyumba yake ikiwa bado karibu. Kushuka ndani ya kreta ni jambo jingine. Sakafu yake ni mawe makali ya lava na vichaka vinavyofanana kila upande, na si bure kwamba masimulizi ya wenyeji huhusisha mahali hapo na majini na watu waliopotea. Anayeshuka bila mtu anayezijua njia huwalazimu wengine kwenda kumtafuta gizani.

Lipo somo zito zaidi kusini mwa Ziwa Naivasha. Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, ndiyo maana wengi huanzia huko. Ndani yake limo korongo la Ol Njorowa, jembamba na lenye kuta ndefu. Mwezi wa Aprili 2012 maji ya ghafla yaliteremka humo yakawaua vijana 7 wa kundi la kanisa. Mwezi wa Septemba 2019 maji yakaja tena, yakawachukua wageni wengine pamoja na mwelekezi wao. Korongo la namna hiyo hukusanya maji ya eneo pana. Mvua inaweza kunyesha mbali, ilhali anga ya aliye bondeni ni nyeupe. Anayeanza huitazama mbingu iliyo juu yake. Aliyekomaa huuliza habari za mbingu ya wengine, na akiambiwa kwamba kumenyesha juu, hughairi safari bila kuona haya. Kughairi nako ni ujuzi, na pengine ndio ujuzi wa mwisho kujifunzwa na vijana.

Halafu wapo watu. Mchungaji au mkulima anayekutana na kijana mwenye shanta kwenye kijia cha Elementaita ama cha Mau humuuliza, "Unaenda kwa nani?" Katika fikra ya wengi, mtu hutembea kwa sababu: msiba, soko, shamba, jamaa. Kutembea kwa ajili ya kutembea huonekana mambo ya Wazungu, na katika sehemu ambako ardhi imewahi kumwaga damu, mgeni asiye na mwenyeji hutiliwa shaka kwa haki. Jawabu jema huanza na salamu, likafuatiwa na jina, mahali atokako na mahali aendako. Salamu ya Kimaasai, ya Kikalenjin au ya Kikuyu ikitangulia Kiswahili, uso wa mwenyeji hukunjuka. Kisha huombwa ruhusa: ya kupita shambani, ya kupiga hema, ya kuteka maji. Takataka nazo hurudi na aliyezileta. Tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, misitu na fuo za Kenya. Lakini hata pasingekuwa na sheria, ganda la biskuti lililoachwa mlimani ni mzigo aliotwishwa mtu mwingine.

Kwa muda mrefu, katika bonde hili, waliobeba walibeba vya wengine, au walibeba mabaki ya maisha yao. Kijana anayefunga vitu vyake vichache, akawaaga wazazi na kuwaambia njia atakayopita na saa atakayorejea, anafungua ukurasa mpya katika historia hiyo, hata kama safari yake haivuki ukingo wa Menengai. Kilele kinaweza kusubiri. Katika safari ya kwanza inatosha afike nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na shanta yake mwenyewe, na nguvu iliyosalia ya kumpokea mwenziwe aliyechoka.