Kamba ya mguuni

Wadau mnaokwenda Diani kusimama juu ya ubao na kasia mkononi, naona mnaulizia bei ya kukodi tu. Mimi naulizia urefu wa kamba. Nachekwa, poa.

Kamba hizi zilipoanza kule Santa Cruz, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa mpira unaovutika, kama ule wa hospitalini. Jack O'Neill, mtengenezaji maarufu wa nguo za mawimbini, alipoteza jicho la kushoto: mpira ulivutika, ubao ukamrudia usoni. Kamba za leo hazivutiki hivyo, lakini ikiwa fupi bado itakurudishia ubao. Ndiyo maana wazoefu wanasema ubao wa futi 10, kamba isipungue futi 10.

Sasa piga hesabu. Ukianguka, kamba futi 10, ubao futi 10... nyuma yako kuna kama futi 20 ambamo ubao unaweza kumpata mtu. Kamba inakusaidia wewe usiachwe na ubao. Mtoto anayeogelea nyuma yako haimsaidii kitu! Lakini utaona mtu kafunga kamba, basi wimbi likija anautupa ubao bila hata kugeuka.

Zile zilizojisokota kama waya wa simu ya mezani ni za maji shwari, huku ndani ya mwamba. Na mtoni, jamani, msifunge kifundoni: ikinasa kwenye gogo, mkondo hautakuacha uinamie mguu. Huko inafungwa kiunoni, kwenye mkanda unaofyatuka ukivutwa.

Jumamosi mkodishaji mmoja aliniambia kamba zote ni sawa. Nikazilaza mchangani, nikapima kwa kasia. Hazikuwa sawa.