Boksi chini ya Vespa

Kila jioni, baada ya kuiingiza Vespa ukumbini, baba huyo wa watoto wawili alikuwa na kazi moja kabla ya kuvua viatu: kutandika kipande cha boksi chini ya tairi la nyuma. Nyumba yao iko Ng'ambo, Unguja. Sakafu ni ya sementi nyekundu ambayo mkewe huisugua kila Ijumaa, na oili ikishaingia kwenye sementi haitoki tena. Boksi lililinda sakafu, na likalinda amani ya nyumba pia.

Mke hakusema kitu, lakini alihesabu. Boksi la mwanzo lilikaa mwezi mzima. La pili halikumaliza wiki mbili. Masika yalipoanza, boksi lilikuwa likilowa kwa siku mbili tu, na alama yake haikuwa ya matone tena, ilikuwa duara jeusi kubwa kama sahani.

"Baba watoto, hii Vespa nzima kweli?" aliuliza usiku mmoja.

"Vespa zote huvuja. Hata marehemu alikuwa akiipanda hivi hivi inavuja."

Marehemu ni babake, aliyemwachia chombo hicho, PX 150 nyeupe ambayo rangi yake sasa inakaribia ya maziwa ya jana. Unguja Vespa si kitu cha kushangaza watalii tu. Zimesomesha watoto, zimepeleka wazazi hospitali, zimebeba magunia ya mchele na maharusi. Kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Italia, kilianza kuziuza mwaka 1946, na namna ya kuziunda haikubadilika sana kwa miongo mingi: gari dogo la chuma, injini pembeni ya tairi la nyuma, gia mkononi. Ndiyo maana chombo cha babu bado kinaweza kumbeba mjukuu. Ndiyo maana pia maradhi yake hurithiwa.

Ila "Vespa zote huvuja" ni maneno ya mtu asiyetaka kuuliza inavuja wapi. Tone linaloanguka katikati ya injini ni jambo la sakafu. Oili inayotokea ndani ya tairi la nyuma ni jambo jingine kabisa. Vespa haina mnyororo. Tairi limefungwa moja kwa moja kwenye shafti inayotoka kwenye giaboksi. Ndani ya giaboksi kuna robo lita ya oili, na upande wa pili wa ukuta huo huo kuna breki. Kinachovitenganisha ni sili, pete ya mpira ambayo haijazi hata mdomo wa kikombe cha kahawa. Sili ikichoka, oili haina pa kwenda ila kwenye viatu vya breki.

Baba aliyajua haya kwa juu juu, na alikwisha kujaribu mara mbili kutengeneza mwenyewe. Mara ya kwanza alikwenda dukani mikono mitupu, akaomba sili ya nyuma ya PX, akapewa. Iliingia vizuri kwenye nyumba yake, akafurahi. Hakujua kwamba ziko aina mbili: kwa nje zote ni milimita 47, lakini tundu la ndani la moja ni milimita 27 na la nyingine 30. Yake ilitaka 27, akafunga ya 30. Alikwenda Mwanakwerekwe na kurudi, tairi zima likawa linang'aa kwa oili. Akarudi dukani, safari hii na sili kuukuu mfukoni, akapata sahihi, akafunga. Viatu vya breki vilivyokwisha kulowa akavifuta kwa petroli, akavipiga msasa, akavirudisha. Viatu vipya vilikuwa na bei yake, na ada ya chuoni ilikuwa inasubiri.

Hapo ndipo alipokosea zaidi kuliko kwenye sili. Kiatu cha breki kikishanywa oili hakioshwi kikatakata. Juu utakiona kikavu, lakini kikipata moto wa kusuguana, oili iliyojificha ndani hupanda tena. Asubuhi breki yake ilishika, mchana ikateleza, naye akajiambia ni mvua.

Jumatatu moja kweli kulikuwa na mvua. Binti yake wa miaka tisa alikuwa nyuma, amemkumbatia. Mdogo wake wa miaka mitano amesimama mbele kati ya mikono ya baba, kama watoto wengi wa mji huu wanavyopelekwa skuli. Mkokoteni wa madafu ukachomoza kutoka uchochoroni. Baba akakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka chini, Vespa ikaendelea kama haijaambiwa kitu. Akabana breki ya mkono, tairi la mbele likateleza, mguu ukaburura lami, wakasimama matopeo yakiwa yamegusa ubao wa mkokoteni.

"Sheikh, na watoto hao!" ndilo pekee alilosema mwenye madafu.

Langoni mwa skuli baba aliinama kuutengeneza ushungi wa binti, uliokuwa sawasawa. "Mama usimwambie," alisema. "Atashtuka bure." Binti akatikisa kichwa.

Wiki hiyo watoto walikwenda skuli kwa miguu. Mama aliambiwa petroli imekwisha, kisha plagi imeungua. Jumamosi baba akaisukuma Vespa hadi kwa fundi mmoja mzee aliyewahi kumtengenezea marehemu, na binti akang'ang'ania kufuatana naye.

Fundi hakugusa kitu kwanza. Alishika tairi juu na chini akalitikisa, kusikiliza kama beringi imelegea, kwani beringi ikicheza hata sili ya dhahabu haitadumu. Ilikuwa nzima. Kisha akachomoa pini ya nati kubwa ya katikati, akaweka spana ya 24, akamwita mtoto.

"Mjukuu wangu, panda hapo ukanyage breki kwa nguvu zako zote, nipate kufungua."

Binti akasimama juu ya pedali kwa miguu miwili. Fundi akavuta spana. Nati haikulegea, tairi zima lilizunguka nayo, taratibu, bila kelele. Akavuta tena, likazunguka tena.

"Kama siku ile, baba," mtoto akasema.

Fundi alimtazama baba, akarudi kwenye kazi yake. Hakuuliza siku gani. Alimkalisha baba juu ya kiti, tairi likakandamizwa chini kwa uzito wake, akalizuia kwa kipande cha mti, nati ikafunguka. Dramu ilipotoka, ndani palikuwa na tope jeusi linalonata, vumbi la breki na oili vimekandana kama unga. Sili yenyewe ilikuwa karibu mpya.

"Sili haina kosa," alisema fundi. "Unabadilisha kitasa, mlango umeliwa na mchwa."

Aliigeuza dramu akaonesha shingo yake, ile sehemu ya chuma inayopita ndani ya sili na kuzunguka humo. Akaipangusa, akachukua kidole cha binti na kupitisha ukucha juu yake. Ukucha ukanasa. Miaka yote ya marehemu na ya mwanawe, mdomo wa mpira ulikuwa ukisugua mahali pamoja pale pale, ukachimba mfereji. Sili yoyote, hata iwe sahihi namna gani, ikikaa juu ya mfereji huo itapitisha. Msasa utaondoa kutu, mfereji hauuondoi. Dawa ni dramu nyingine yenye shingo nzima, au shingo hiyo ivalishwe bangili nyembamba ya chuma. Fundi alikuwa na dramu iliyotumika, shingo yake laini kama kigae, ya milimita 27.

Na kulikuwa na kosa la pili. Kwa kuwa oili ilikuwa ikipungua, baba alikuwa akiongeza, na akiongeza huilaza Vespa ubavu ili iingie nyingi, "ya akiba." Fundi akacheka kwa mara ya kwanza. Tundu lenye kizibo kilichoandikwa OLIO ndilo kipimo chenyewe: chombo kisimame wima kwenye stendi yake, oili namba 30 itiwe mpaka ianze kuchuruzika tunduni, basi. Inayozidi hapo hutafuta pa kutokea.

Kufunga hakukuchukua muda. Sili mpya iligongwa kwa kipande cha bomba kinachoikalia duara zima, isiingie upande, mdomo wenye springi ukielekea ndani kwenye oili. Ukapakwa grisi kabla shingo haijaingizwa, maana chuma kikavu huchana mpira siku ile ile. Viatu vya breki vipya. Pini mpya. Sili ilikuwa rahisi kuliko kilo ya nyama. Dramu na viatu ndivyo vilivyomaliza pochi. Mwisho fundi akamwita tena binti kwenye pedali, akashika tairi kwa mikono miwili na kulizungusha. Halikwenda popote. Binti akashuka, akapanda tena, akataka lijaribiwe mara ya pili.

Jioni hiyo baba alimweleza mkewe yote: mkokoteni, mvua, lile neno langoni mwa skuli. Mke aliendelea kuchambua mchele kwa muda, mpaka ungo ukabaki na chuya tu.

"Ningejua nini?" alisema hatimaye. "Boksi nilikuwa nikiliona. Nilikuwa nangoja uniambie." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa kuwa watoto walikuwa chumba cha pili: "Vespa ni chuma, itaharibika. Lakini mtoto wangu usimfundishe kunificha. Wewe leo umemwambia anyamaze kwa wema. Kesho atamwambia mtu mwingine."

Baba hakuwa na jibu. Alikwenda chumba cha pili akakaa kitandani kwa binti, na alipotoka, binti alikwenda kwa mama mwenyewe, akamsimulia tangu mkokoteni ulipotokeza, pamoja na rangi ya shati la mwenye madafu.

Boksi bado hutandikwa. Sasa anayelitandika ni mama, na anayelikagua ni binti. Kila asubuhi huchuchumaa nyuma ya tairi na ushungi mkononi, kisha huita kuelekea jikoni, kabla hajaulizwa: "Kavu, mama."