Trei za mayai hazizuii kelele!
Jamani wadau, mitihani hiyoo, na naona watu wanabandika trei za mayai ukutani. Hazizuii kelele! Ni nyepesi mno, zinapunguza mwangwi wa ndani kidogo tu. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba upenyo. Nyumba zetu nyingi za kupanga, ukuta wa tofali unaishia darini, huko juu ni wazi hadi kwa jirani. Ndiyo maana juzi dada wa chumba cha pili alilia, nyumba nzima tukajua kaachwa. Dawa ni kupandisha tofali hadi kwenye bati, na plasta pande zote. Mwenye nyumba akigoma, ziba nyufa na chini ya mlango, kisha sogeza kabati lililojaa vitabu kwenye ukuta huo. Besi ya muziki bado itapita, hiyo muombe jirani kistaarabu. Kila mtu ana haki ya kulia bila wasikilizaji, au sio?